Naomba ushauri: kuagiza BMW M5 ya mwaka 2007 na kuishi nayo Unguja

Mkaazi wa Mbweni anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakusudia kuagiza kutoka Uingereza BMW M5 ya mwaka 2007, ile ya umbo la E60 yenye injini ya silinda kumi, na kabla sijatuma fedha nataka kusikia kwa watu ambao ama wamewahi kumiliki gari la namna hii visiwani, ama wameshika spana wakalitengeneza. Wanaolijua hawahitaji kusikia sifa zake kutoka kwangu: lita tano, nguvu za farasi 507, injini inayopanda hadi mizunguko 8,250 kwa dakika, na yote hayo yamo ndani ya gari la milango minne ambalo asiyejua atalipita bila ya kugeuza shingo. Lilipotoka mwaka 2005 lilikuwa likiuzwa huko kwa zaidi ya paundi 60,000. Leo yapo yanayouzwa chini ya robo ya bei hiyo, tena yana rangi nzuri na viti vya ngozi visivyochanika, na ukweli ni kwamba bei hiyo ndiyo iliyonitia tamaa.

Hali yangu ni hii. Nakaa Mbweni, kazi yangu iko mjini karibu na Darajani, na mwisho wa wiki huenda Nungwi au Makunduchi kwa wazee. Hivi sasa natumia Toyota IST, ambayo nimepanga kuiuza ili nijazie gharama za meli na ushuru. Fedha za kununulia ninazo, alhamdulillahi. Ninachokiulizia ni maisha ya baada ya kununua. Spea zinapatikana vipi? Je, Unguja yupo fundi anayeweza kulifungua gari hili na kulifunga likawa salama? Joto letu, chumvi yetu na matuta yetu yatalifanya nini? Naomba tusijibiane kwa mzaha wa kwamba maisha ni mafupi, nunua tu, wala kwa kejeli ya kwamba magari haya yana wenyewe.

Fundi wa Machomane anajibu:

Waalaykum salaam. Mimi ni fundi wa injini hapa Chake Chake, na nitakujibu kifundi. Kwanza ufahamu kwamba kilichoshuka ni bei ya kununulia peke yake. Kila litakapoingia gereji, gari hilo litakuwa ni lile lile la paundi 60,000, kwa sababu kiwanda hakikupunguza bei ya diski za breki eti kwa kuwa wewe umelipata gari kwa bei ya mkiani. Diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 374, matairi ya mbele ni 255/40 na ya nyuma ni 285/35, yote ya rimu za inchi 19, na katika hivyo hakuna hata kimoja utakachokiazima kwenye gari jingine lililoegeshwa uani kwetu. Mwenye IST akiharibikiwa asubuhi, mara nyingi alasiri anaendesha. Mwenye M5 akiharibikiwa asubuhi, alasiri ndiyo kwanza anatafuta nani wa kumuagizia.

Sasa tuje kwenye injini yenyewe, ambayo jina lake la kiwandani ni S85. Mahali pake padhaifu panapojulikana na kila aliyewahi kuishughulikia ni metali za konrodi, zile beringi nyembamba zinazokaa kati ya konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, na krenki, yaani mhimili unaozungushwa na mikono hiyo. Metali hazina gololi. Kinachozitenganisha na krenki ni utando wa oili basi. Wataalamu wengi wa injini hii wanaeleza kwamba nafasi iliyoachwa kwa ajili ya utando huo ni finyu, ilhali oili iliyoamriwa na kiwanda, yaani 10W-60, ni nzito, na oili nzito ikiwa bado baridi hupita kwa shida mahali pafinyu. Metali iliyochakaa unaitambua kwa macho ukishaitoa: uso wake wa kijivu, ambao ulikuwa laini, unakuwa na mikwaruzo inayofuata mzunguko wa krenki, na pale palipolika zaidi tabaka ya shaba ya chini inajitokeza. Ukiiona shaba na krenki ingali nzima, umewahi. Usipofungua ukaangalia, iko siku injini itanoki, krenki itachubuka, pengine konrodi itatoboa bloku, na hapo bei ya injini nyingine inaweza kuizidi ile uliyonunulia gari zima. Kwa sababu hiyo wenye magari haya huko Ulaya hubadilisha metali kabla hazijatoa sauti yoyote, na hulihesabu jambo hilo kuwa ni sehemu ya huduma ya kawaida.

Kwamba oili ipate joto kwanza si maneno ya mafundi wa mitaani. Ushahidi umo kwenye dashibodi. Saa ya mizunguko ya injini ina ukanda wa tahadhari. Ukiwasha gari likiwa baridi, ukanda huo unaanza chini, na kadiri oili inavyopata moto ndivyo unavyorudi juu na kukuachia nafasi ya kukanyaga. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta, kwa hiyo maji yakipata moto usidhani kwamba na oili imeshapata. Hapa ndipo safari yako ya Mbweni hadi Darajani inaponitia wasiwasi, maana ni safari fupi ya kwenda na kusimama, na injini hii imebeba oili zaidi ya lita tisa. Unaweza kufika kazini kila siku ukiwa umeitumia injini ya mashindano katika hali ambayo haikupendezwa nayo. Halafu gari hili halina kile kijiti cha kupimia oili tulichozoea. Kiwango unakisoma kwenye dashibodi, na sensa ikikwambia uongo huna pa kuhakikishia.

Gia zake saba za SMG nazo si otomatiki unayoijua. Ndani mna klachi ya gari la gia za mkono, ila mguu wa kuikanyaga umechukuliwa na pampu ya haidroliki inayoamrishwa na kompyuta. Kwenye foleni, gari likitambaa hatua mbili likasimama, klachi inasuguka kila mara, na pampu ikichoka gari halichukui gia kabisa. Usiwaze kutafuta la gia za mkono: hayo yaliuzwa Marekani na Kanada tu, nayo yana usukani wa kushoto. Yapo na mengine, kama vile zile mota mbili za umeme zinazofungua throtoli, yaani vilango vya kuingizia hewa kwenye injini, ambazo vigia vyake vya ndani huliwa, gari likapoteza nguvu na taa ya injini ikawaka. Lakini hayo ni maradhi ya kutibika. Metali na pampu ya gia ndiyo mambo ya kukukosesha usingizi.

Ama kuhusu mafundi, nitasema bila ya kuwavunjia heshima wenzangu. Mashine za kusoma makosa ya kompyuta zipo Unguja na zipo Pemba, lakini kuisoma namba ya kosa na kukijua chanzo chake ni kazi mbili tofauti. Kwenye gari hili hata betri mpya haifungwi tu ukaondoka. Kompyuta lazima ijulishwe kwamba betri imebadilishwa, ili irekebishe namna ya kuichaji. Fundi asiyelijua hilo atakufungia betri nzuri, nawe utamrudia mapema kuliko ulivyotarajia huku ukimlaumu aliyekuuzia betri.

Mzee wa Bububu anajibu:

Mwanangu, fundi amekwambia ya injini, mimi nakuuliza la barabara. Gia ya pili ya gari hilo peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Ndani ya mji na vijijini unatakiwa uende 50, na kisiwa chetu kwa urefu wake wote ni kama kilomita 85, chenye skuli, ng'ombe, baiskeli na watoto kandokando ya njia. Utaitia wapi gia ya tatu?

Kijana wa Northampton anajibu:

Shikamoo Mzee wa Bububu. Nami naomba niongeze upande wa huku ninakoishi, kwa kuwa kaka yetu anakusudia kununua huku, na yapo mambo ambayo picha za tangazo hazimuonyeshi.

Kwanza, ajue kwa nini gari la mwaka 2007 linaonekana rahisi kuliko ndugu yake wa mwaka 2005. Kodi ya barabara ya Uingereza kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia tarehe 23 Machi 2006 inafuata hewa ya ukaa bila ya huruma: gari linalotoa zaidi ya gramu 255 kwa kilomita linaingia daraja la juu kabisa, na mwenyewe analipa zaidi ya paundi 700 kila mwaka hata kama analiendesha Jumapili tu. Magari ya kabla ya tarehe hiyo yamewekewa kikomo cha chini zaidi. Kwa hiyo watu wa huku wanalikimbia la 2007 kwa sababu ya kodi ambayo wewe Zanzibar hutailipa. Hilo ni jambo la kukunufaisha, na katika biashara hii yote ni mojawapo ya machache yaliyo upande wako.

Pili, kila gari la huku lililopita miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka katika ukaguzi unaoitwa MOT, na historia ya ukaguzi huo tangu mwaka 2005 inasomwa bure kwenye mtandao wa serikali kwa kuingiza namba ya gari. Usiangalie tu kama limepita au limeanguka. Soma yale maonyo madogo ambayo mkaguzi ameyaandika bila ya kulifelisha gari, kama vile bomba la breki lililoanza kutu, bushi zilizochoka, au oili inayovuja lakini bado haijadondoka. Onyo linalorudiwa mwaka baada ya mwaka linakwambia tabia ya mwenye gari kuliko maneno yake ya kwenye simu. Pia linganisha kilomita, ambazo huku zinaandikwa kwa maili: zikipanda vizuri kisha zikakwama miaka miwili, uliza gari lilikuwa limelala wapi na kwa nini.

Tatu ni kutu. Barabara za huku humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huganda chini ya gari. Ukilichukua gari ambalo chini yake limeshaanza kuliwa, ukalileta Mbweni kando ya bahari, unaliongezea chumvi juu ya chumvi. Dai picha za chini ya gari likiwa limenyanyuliwa kwenye jeki kubwa, na asiyekubali kuzipiga mwache na gari lake. Na ukiona maandishi ya Cat S au Cat N, fahamu kwamba liliwahi kuharibika na kampuni ya bima ikaamua kutolitengeneza, ingawa linatengenezeka. S maana yake mifupa ya bodi iliguswa.

Nne, tafuta gari ambalo metali zimeshabadilishwa huku, na risiti ya mtaalamu ipo. Litakuwa ghali zaidi kuliko yale uliyoyaona, lakini kwa hali ya kwetu ndilo rahisi. Kazi hiyo huku wanaifanya mafundi ambao hawagusi gari la aina nyingine, na kuifanyia Uingereza kabla gari halijapanda meli ni salama kuliko kumtafuta wa kukufungulia sampu, lile beseni la oili chini ya injini, huko Unguja.

Kuhusu ushuru sitasema mengi, kwa sababu viwango hubadilika na bajeti. Lakini mtu yeyote aliyewahi kutoa gari bandarini Malindi anajua kwamba hesabu haifuati risiti yako peke yake. Ukubwa wa injini na umri wa gari navyo vinapewa uzito, na wewe unakwenda huko na injini ya sentimita za ujazo 4,999 ndani ya gari la miaka mingi. Mpelekee wakala wa forodha namba ya chesisi akupe hesabu kwa maandishi kabla hujalipa hata senti huku.

Bint Mkunazini anajibu:

Nimesoma yote na nimeona mmezungumza kifundi zaidi. Mume wangu ana gari la Kijerumani la silinda nane, si hilo unalolitaka wewe, na jina la kampuni haliongezi kitu katika ninachotaka kukieleza. Daftari la gharama zake ninaliandika mimi, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari, na nilimwambia hivyo siku ile ile gari lilipoingia uani.

Mtu anadhani ukurasa mkubwa katika daftari hilo utakuwa wa spea. Sivyo. Ukurasa mkubwa ni wa kusubiri. Gari linasimama kwa ajili ya kipande kidogo cha plastiki cha njia ya maji ya rejeta, ambacho bei yake haishtui, kisha tunalipa usafirishaji wa ndege unaokizidi chenyewe, tunalipa mtu wa Kariakoo aliyesema anacho na akaleta kisichofanana, tunalipa teksi za kwendea kazini na za kuwapeleka watoto skuli, na fundi naye analipwa kwa kulifungua, analipwa tena kwa kulifunga kwa muda ili lisiingie vumbi. Ukipeleka gari Dar es Salaam kwa boti, mna nauli ya gari, taratibu za forodha kwa kuwa lina namba za Zanzibar, na mtu wa kukaa nalo huko. Hakuna muuzaji anayeyaandika haya kwenye tangazo.

Lipo pia jambo ambalo huwezi kulithibitisha kwa risiti lakini kila mwenye gari kama hilo atakwambia analijua: bei ya kazi hupanda kabla ya boneti kufunguliwa. Kubadilisha padi za breki ni kazi ile ile, spana zile zile, lakini fundi akiiona nembo anaanza kuhesabu kwa sauti nyingine. Mume wangu siku hizi akienda kuulizia bei huenda kwa miguu.

Hali ya hewa yetu nayo si ya kudharauliwa. Lile la kwetu lina mifuko ya hewa badala ya springi, na mpira wa mifuko hiyo ulipoanza kupasuka tulikuwa tukiamka asubuhi tunalikuta gari limeinama kona moja ya mbele, kisha likiwashwa linajinyanyua taratibu huku kompresa ikinguruma. Kompresa iliyofanya kazi hivyo kwa muda mrefu ikafa nayo. Nadhani M5 haina mifuko hiyo, fundi atanisahihisha. Lakini soketi za waya unazo, na hewa ya bahari inazipandisha kutu ya kijani mahali usipopaona. Ngozi ya viti unayo, na masika ukiliacha gari limefungwa wiki kadhaa utaukuta ukungu juu yake. Na diski za breki zikilala na unyevu zinaamka na rangi ya udongo. Gari la namna hii linataka kutembezwa mara kwa mara na kupewa kivuli, tena kivuli cha paa la kweli, si cha mwembe, maana maembe yakianza kuiva utayaokota juu ya boneti.

Usije ukafikiri nalichukia. Usiku tukitoka harusini, sote tumekaa nyuma kimya, likiteremka taratibu kutoka Amani, hata mimi naelewa kwa nini alilinunua. Ninachokwambia ni hiki: usiuze IST. Ukiuza IST, siku M5 ikisimama itakuwa imesimamisha nyumba nzima. Na fedha ya akiba ya matengenezo, isiyoguswa kwa karo wala kwa sikukuu, isiwe chini ya nusu ya bei ya kununulia. Kama kuuza IST ndiko kunakokamilisha hesabu yako, basi hesabu yako haijakamilika.

Mkaazi wa Mbweni anauliza tena:

Nawashukuru sana, na shikamoo kwa wakubwa wote. Neno la Bint Mkunazini kuhusu IST limenikaa, na nimelizungumza na watu wa nyumbani. Naomba kuuliza mawili zaidi. Kwanza, mafuta: gari hili linakula kiasi gani kwa kweli? Pili, rafiki yangu mmoja ananishauri niachane na Ujerumani nichukue Lexus IS F kutoka Japani. Je, hilo ni gari la daraja hilo, au ni kujiliwaza?

Mwana wa Michenzani anajibu:

Nitajibu la pili, kwa sababu nimeliendesha gari la silinda kumi nikiwa Ghuba, na Lexus hiyo pia. IS F ni gari zuri sana na lina kasi kuliko utakavyowahi kuihitaji. Lakini kama roho yako iko kwenye ile sauti ya silinda kumi inapopita mizunguko 6,000, Lexus haitakutibu. Utaiuza, kisha utarudi kwenye M5 ukiwa umeshapoteza fedha ya gari la kwanza. Sikubaliani na wanaosema kwamba gari lisiloweza kuendeshwa hadi mwisho wa nguvu zake halina maana. Jahazi nzuri hupendeza hata ikiwa nangani. Cha kuamua ni kama unataka gari la kwendea kazini au unataka kitu cha kukipenda, kwa sababu M5 ni hilo la pili, na ukilibebesha kazi ya IST utalichosha nalo litakuchosha. Libakishe kwa safari za Ijumaa na mwisho wa wiki, lipate moto vizuri kwenye njia ya Nungwi, na kazini nenda na IST kama alivyosema dada yetu.

Fundi wa Machomane anajibu:

Bint Mkunazini, umesema kweli: M5 haina mifuko ya hewa. Ina springi za chuma na shokapu zinazobadilishwa ugumu kwa umeme, ambazo kwenye matuta yetu zitavumilia zaidi, ingawa bei ya shokapu moja nayo si ya kuchekea.

Tuanze na mafuta. Kipimo rasmi cha kiwanda ni lita 14.8 kwa kilomita 100, kwa mchanganyiko wa mjini na njia kuu. Tangi ni la lita 70. Kwa mwendo wa mjini peke yake, na kiyoyozi kikiwa wazi kwa hofu ya joto la Januari, tegemea kuzidi lita 20. Chukua bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Zanzibar, zidisha, ulinganishe na unachokitia kwenye IST sasa. Kisha utaona kwamba mafuta, pamoja na ukali wake, ni gharama ya kueleweka kwa kuwa unaijua mapema. Usijaribu tu kuokoa upande wa oili. Ni 10W-60 au hakuna, na kopo lenye jina hilo likiuzwa kwa bei ya oili ya kawaida, lililomo ndani ni oili ya kawaida.

Lexus IS F si kujiliwaza. Ina injini ya silinda nane, lita tano, iitwayo 2UR-GSE, yenye nguvu za farasi 423, na ilitengenezwa tangu mwishoni mwa mwaka 2007 hadi 2014. Gia zake nane ni otomatiki ya kweli, yenye konveta ya oili mahali pa klachi ya kusuguana, kwa hiyo hakuna klachi ya kuungua kwenye foleni. Ugonjwa wake unaojulikana ni kuvuja maji, ama kwenye pampu ya maji, ama pale katikati ya silinda chini ya manifoldi, ambapo ukiona alama nyeupe au ya waridi iliyokauka ujue maji yanatoka hapo. Ni kazi ya siku ndefu, lakini fundi mzuri wa Toyota hapa visiwani anaielewa akiiona. Kutoka Japani utapewa karatasi ya mnada yenye daraja la gari na mchoro wa mikwaruzo; mpate mtu anayesoma Kijapani akutafsirie maelezo ya mkaguzi, kwa kuwa daraja la R au RA maana yake ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa, na wapo mawakala wanaoinyamazia herufi hiyo. Ukibadilisha nia ukataka gari la Ulaya kutoka huko huko Japani, tazama kwanza usukani, kwani mengi yaliuzwa Japani yakiwa na usukani wa kushoto kwa ajili ya fahari. Ukiona hata IS F ni kubwa kwa ushuru, Toyota Crown Athlete ya 3.5 ina nguvu za farasi 315, na watu wa Mwanakwerekwe wataitengeneza wakiwa wanazungumza mpira.

Kama bado ni M5, basi fanya kama alivyokuelekeza Kijana wa Northampton, na niongeze haya. Kila spea utakayoiagiza iagize kwa tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, si kwa jina la gari na mwaka, kwa sababu kiwanda kilibadilisha vipande katikati ya mwaka na jina halitakuonyesha. Kabla gari halijapanda meli, nunua huko huko vichujio, plagi kumi, padi za mbele na nyuma, na zile mota mbili za throtoli, uzilete kwa mzigo wa kawaida bila ya haraka. Zitakuja kwa bei ya chini sana kuliko zitakavyokuja siku gari limesimama.

Na siku mtu wako atakapokwenda kuliangalia, amwambie muuzaji kwa simu asiliwashe kabla hajafika. Akifika, aweke mkono juu ya injini kabla ya salamu ndefu. Ikiwa ina moto, arudi nyumbani, aje siku nyingine, kwa sababu metali zilizochoka zinaweza kusikika injini ikiwa baridi, katika sekunde za mwanzo kabla ya oili kufika kila mahali, na anayeipasha moto injini kabla ya mnunuzi kufika mara nyingi anajua kwa nini anafanya hivyo. Ikiwa ni baridi, arekodi kwa simu tangu ufunguo unapoingia, asimame upande wa tairi la mbele, asizungumze, kisha anitumie sauti hiyo nami nitaisikiliza.